Jezi ya nusu kwa nusu

Mama aliiinua ile jezi kutoka kwenye beseni la kufulia, akaikung'uta, akaitandaza mbele ya macho yake na kuuliza hiki kilichoandikwa kifuani ni nini. Nikasema ni jina la timu. Bahati mbaya mjomba alikuwa amekaa barazani na Kiingereza chake cha bandarini.

"Hiyo bia," akasema, hata shingo hakugeuza. "Mwanao anatembea anatangaza bia."

Ilikuwa Ngamiani, Tanga, mwaka 1994 ukielekea ukingoni, nami nina miaka 12. Jezi nilikuwa nimeichambua mwenyewe kwenye rundo la mitumba kwa sababu sikuwahi kuona nguo ya namna ile: nusu bluu, nusu nyeupe, zimekutana katikati ya kifua kama vile fundi aliishiwa kitambaa akamalizia na kingine. Ya timu gani, sikujua wala sikujali. Mama hakuitupa, maana ilishalipiwa. Alichukua kanga yake kuukuu, akakata kipande, akakishonea juu ya McEwan's Lager kwa uzi mweusi. Kanga yenyewe jina lake lilikuwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", na mkasi ulipita bila kusoma. Kifuani nikabaki na maneno mawili: NJOO MWENYEJI. Hadi leo wapo watu mtaani kwetu ambao jina langu la shuleni hawalijui. Mimi kwao ni Mwenyeji.

Mjomba ndiye aliyeniambia nimevaa Blackburn Rovers. Alilitamka jina hilo kwa upole ambao hakuwa nao kwa timu nyingine yoyote ya Uingereza, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Yeye alikuwa Liverpool, tena Liverpool kwa namna watu wengine pale mtaani walivyo Coastal Union au African Sports, yaani si jambo la kujadili. Lakini kocha wa Blackburn alikuwa Kenny Dalglish, na Dalglish kwa mjomba alikuwa kama ndugu aliyehamia mji mwingine. Huyu ndiye aliyekuwa kocha wa Liverpool siku ya Hillsborough, Aprili 1989, mashabiki walipobanwa hadi kufa kwenye nusu fainali ya Kombe la FA, na ndiye aliyehudhuria maziko baada ya maziko. Februari 1991, siku chache baada ya sare ya 4-4 na Everton, akabwaga manyanga. Alikuwa amechoka, mwili na moyo. Kwa hiyo alipoibuka Oktoba ya mwaka huohuo katika timu ya daraja la pili, kwenye mji wa viwanda vya nguo vilivyokwisha kufa kule Lancashire, mjomba alimfuata kwa macho, ingawa miguu ilibaki Liverpool.

Aliyemwita Dalglish huko ni mzee mmoja aitwaye Jack Walker. Mzaliwa wa Blackburn, mfanyabiashara wa chuma, ambaye mwaka 1989 aliiuza kampuni ya familia kwa British Steel kwa zaidi ya pauni milioni 300, na badala ya kutulia kisiwani Jersey alikokuwa anaishi, akaamua kuinunulia furaha timu aliyoishabikia tangu utotoni. Uwanja wa Ewood Park akaujenga upya. Mwaka 1992 timu ikapanda daraja kwa mechi za mchujo, kwa penalti ya Mike Newell pale Wembley, na miezi miwili baadaye akamleta Alan Shearer kutoka Southampton kwa zaidi ya pauni milioni 3, rekodi ya Uingereza wakati huo. Wakamaliza wa nne, kisha wa pili. Kiangazi cha 1994 wakavunja rekodi tena: Chris Sutton kutoka Norwich, milioni 5.

Hapa ndipo watu wanapoanza kusema walinunua ubingwa. Nimelisikia neno hilo miaka 30 sasa, mara nyingi kutoka kwa mashabiki wa Manchester United, na nakiri wana hoja. Bila chuma cha Walker kusingekuwa na Shearer. Ila nikikaa na orodha ya kikosi kile, sioni timu ya matajiri. Naona Colin Hendry, beki wa kati mwenye nywele nyeupe kama katani, anayejitupa mbele ya kila shuti. Naona Tim Sherwood, nahodha, kiungo wa kawaida kabisa anayejua mipaka yake. Naona Mark Atkins, aliyeshikilia nafasi ya David Batty sehemu kubwa ya msimu kwa sababu Batty alikuwa majeruhi, na sijawahi kukutana na mtu mwenye jezi ya Atkins. Mawinga wao wawili, Stuart Ripley kulia na Jason Wilcox kushoto, kazi yao ilikuwa moja tu: fika mwisho wa uwanja, piga majalo. Shearer na Sutton wanasubiri. Kila beki Uingereza alijua kinachokuja na bado kilikuja. Shearer alifunga mabao 34 ya ligi msimu huo, Sutton 15. Magazeti yakawaita SAS, yaani "Shearer and Sutton", kama kile kikosi cha makomando wa Uingereza.

Mpira wao haukuwa mtamu, lakini mimi kwa redio sikuona utamu wala uchungu. Nilisikia majina tu, na jina la Shearer lilitajwa kuliko mengine.

Kitu ambacho wengi wamekisahau ni kwamba bingwa yule alikuwa mnyonge mbele ya mpinzani wake. Blackburn na United walikutana mara mbili na United wakashinda zote mbili. Oktoba 23, pale Ewood Park, Blackburn walitangulia kwa bao la Paul Warhurst, shuti la mbali. Kabla ya mapumziko Henning Berg, yule beki Mnorwe wa Blackburn, akamzuia Lee Sharpe wa United kwenye eneo la hatari. Mwamuzi akaonyesha penalti na kadi nyekundu. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi kwenye simu, napunguza kasi, nasimamisha, na kwa macho yangu Berg alicheza mpira. Lakini mimi ni Mwenyeji, msinisikilize. Eric Cantona, mshambuliaji Mfaransa wa United, akafunga, United wakamaliza 4-2. Mechi ya pili, Januari 22 Old Trafford, Cantona tena, kwa kichwa, 1-0. Dakika za mwisho Sherwood akasawazisha na bao likakataliwa, ikidaiwa Shearer alimsukuma Roy Keane. Pointi sita zote zikaenda Manchester.

Siku tatu baadaye United wakasafiri kwenda Selhurst Park kucheza na Crystal Palace. Kila mtu anajua kilichotokea Januari 25. Cantona alimpiga teke Richard Shaw, akatolewa, na akiwa anatembea kando ya uwanja akaruka uzio wa matangazo kwa miguu na kumpiga teke la kifua shabiki wa Palace aliyekuwa anamporomoshea matusi, kisha akamsindikizia ngumi. Adhabu ikawa kufungiwa hadi mwisho wa Septemba. Mahakama ilimhukumu wiki mbili jela, na rufaa ikazigeuza kuwa saa 120 za kazi za jamii. Siku ya rufaa akaja mbele ya waandishi, akanywa maji, akasema sentensi moja: shakwe wanaifuata meli ya uvuvi kwa sababu wanadhani dagaa watatupwa baharini. Akainuka akaondoka.

Waandishi wa Uingereza walihangaika na sentensi hiyo kama fumbo la kichawi. Mjomba, aliyeona shakwe na majahazi ya dagaa karibu kila siku ya maisha yake, aliisoma gazetini, akatingisha kichwa na kusema huyu Mfaransa ndiye mtu pekee mwenye akili kwenye ligi ile. Alikuwa anamchukia Cantona kwa dhati. Hilo halikumzuia kumpa haki yake.

Ulikuwa msimu wa vituko mpaka gazeti halikutosha. Blackburn wenyewe walitolewa kombe la UEFA mwezi wa tisa na Trelleborg ya Sweden, timu yenye wachezaji ambao wengine walikuwa na ajira zao pembeni. Ukiniuliza, kipigo hicho kiliwasaidia, maana tangu hapo katikati ya wiki walikuwa wamelala nyumbani. George Graham alifukuzwa Arsenal Februari kwa kupokea pesa za wakala wa wachezaji. Bruce Grobbelaar, kipa wa zamani wa Liverpool aliyependwa sana Afrika, alituhumiwa kuuza mechi, na mjomba siku hiyo hakununua gazeti. Klinsmann alikuja Tottenham akiwa na sifa ya kujiangusha, akafunga bao katika mechi ya kwanza na kushangilia kwa kujirusha tumboni, akawamaliza Waingereza kwa kicheko. Robbie Fowler aliifunga Arsenal mabao matatu ndani ya dakika tano. Na kwa kuwa ligi ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 22 hadi 20, zikashushwa nne: Palace walishuka wakiwa na pointi 45, jambo ambalo mpaka leo naona ni uonevu.

United bila Cantona hawakuanguka. Mwezi huohuo wa Januari walikuwa wamemnunua Andy Cole kutoka Newcastle kwa thamani ya pauni milioni 7, rekodi mpya, hivyo hoja ya nani alinunua nini naiacha hapo. Machi 4 Cole aliwafunga Ipswich mabao matano peke yake katika kipigo cha 9-0. Halafu mashine ikakwama. Sare bila bao nyumbani na Tottenham, tena na Leeds, tena na Chelsea. Ndiyo maana huwa nawaambia jamaa zangu wa United waache kumlilia Cantona kwa ajili ya teke moja. Wazililie zile jioni tatu Old Trafford ambazo hakuna anayezikumbuka.

Na Blackburn nao wakaanza kutetemeka. Jumatatu ya Pasaka walifungwa 3-2 nyumbani na Manchester City. Mwisho wa Aprili wakafungwa 2-0 na West Ham. Mei 8 wakaishinda Newcastle 1-0 kwa kichwa cha Shearer na mikono ya kipa Tim Flowers, ambaye baada ya mechi alisimama mbele ya kamera akiwa bado anahema na kurudia neno moja tu, kwamba moyo wanao, moyo wanao, moyo wanao. Watu walikuwa wamesema hawana.

Ikabaki Jumapili, Mei 14. Blackburn pointi 89, United 87, na tofauti ya mabao ilikuwa upande wa United. Blackburn wakishinda, kazi imekwisha. Wasiposhinda na United wakashinda, taji linakwenda Manchester. Na ratiba, ambayo wakati mwingine huandikwa na mtu mwenye dharau, iliwapeleka United kwa West Ham na Blackburn Anfield. Kwa Liverpool. Kwa nyumba ya zamani ya Dalglish.

Hebu fikiria hali ya mjomba. Timu yake ikishinda, huenda inampa United ubingwa. Timu yake ikifungwa, anafurahi, lakini anafurahi kufungwa. Wiki nzima hakulizungumza. Nilipomuuliza anataka nani ashinde alinijibu, "Kaa kimya we mtoto," na hakuwa mtu wa kunijibu hivyo.

Redio yetu ilikuwa National ya betri nne. Betri zilikuwa zimechoka, nami nilizianika juani juu ya bati tangu asubuhi, nikizigeuza kama muhogo, kwa sababu tuliamini jua linazirudishia nguvu. Mjomba aliivuta antena, akaifunga waya wa shaba, waya ukapanda hadi kwenye mti wa papai. BBC ya Kiingereza ikaja, ikaenda, ikaja. Mtangazaji mmoja alikuwa Anfield na mwingine Upton Park, uwanja wa West Ham, na kila walipobadilishana mimi nilipotea njia, namtazama mjomba usoni nipate tafsiri.

Shearer akafunga dakika ya 20, krosi ya Ripley. Nikaruka. Mjomba akaachia pumzi, akasema "Haya," kama mtu aliyelipwa deni. Upton Park West Ham nao wakatangulia, Michael Hughes. Kwa muda mambo yalikuwa mazuri mno. Adhana ya Magharibi ilikuta mpira haujaisha. Mjomba akapunguza sauti, akaswali palepale ukumbini, nami nikabaki nimebandika sikio kwenye spika na kiraka changu cha kanga kifuani. Sitasema nani alifupisha swala siku hiyo.

Kipindi cha pili McClair akasawazishia United. Kisha dakika ya 64, Anfield, John Barnes wa Liverpool.

Mjomba alipiga kofi. Moja, kali, mikono miwili, na nusu ya mwili ikawa imeshanyanyuka kwenye kiti. Kisha akakumbuka. Akaketi taratibu, mikono ikiwa bado imeshikana, akaitazama redio kana kwamba ndiyo iliyopiga kofi. Barnes alikuwa kipenzi chake kuliko wote, na mwili ulikuwa umejibu kabla ya kichwa. Mimi sikusema kitu, maana nilikuwa nalia.

Dakika zilizofuata ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kusikiliza. United wakilundikana langoni mwa West Ham, Cole akipata nafasi moja, ya pili, na kila mara jina moja la ajabu linarudi, Miklosko, Miklosko, kipa wa Kicheki, anapangua, anadaka, anajilaza miguuni mwa watu. Betri zikaanza kufa. Sauti ikawa nyembamba, ya mtu anayeongea ndani ya chupa. Halafu, muda wa kawaida ukiwa umekwisha, kelele kutoka Anfield: adhabu ndogo nje ya eneo la hatari, Jamie Redknapp, wavuni. Liverpool 2, Blackburn 1.

Mjomba safari hii hakupiga kofi. Akaweka kiganja juu ya kichwa changu. "Subiri," akasema. "Subiri Upton Park."

Na Upton Park ilikuwa imekwisha. 1-1. Miaka mingi baadaye nilitambua kilichokuwa kimetokea: kocha wa West Ham aliyewazuia United ni Harry Redknapp, baba, aliyewafunga Blackburn kule Anfield ni Jamie, mwana. Mtoto aliharibu, baba akawa ameshatengeneza, kilomita mia kadhaa kutoka hapo, na hawakuwasiliana. Ningekuwa nimeitunga hadithi hiyo msingeniamini.

Siku hizi nina picha zake. Redknapp anapofunga, wachezaji wa Blackburn wanasimama kama watu waliosahau njia ya nyumbani. Halafu habari inafika kwenye benchi, Dalglish anakumbatiwa, na uwanja mzima wa Anfield, ambao umetoka tu kuwafunga, unawapigia makofi. Jack Walker anatokwa na machozi. Ubingwa wa kwanza tangu 1914. Pointi 89 kwa 88, na ukihesabu vipigo, bingwa alifungwa mechi saba na wa pili sita. Shearer alipoulizwa atasherehekeaje, akajibu anakwenda kupaka uzio wa nyumbani kwake dawa ya mbao. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa jina kubwa la mpira wa Uingereza.

Haikudumu. Dalglish akapanda juu kuwa mkurugenzi wa soka, msaidizi wake Ray Harford akachukua benchi, na katika Ligi ya Mabingwa walikwenda Moscow ambako Batty na Graeme Le Saux walipigana wao kwa wao uwanjani. Msimu uliofuata wakamaliza wa saba. Kiangazi cha 1996 Shearer akauzwa Newcastle kwa pauni milioni 15, rekodi ya dunia, nami nikaacha kusoma ukurasa wa michezo kwa mwezi mzima. Mwaka 1999 wakashuka daraja, kwa sare ya 0-0 Ewood Park, na timu iliyokuwa upande wa pili ilikuwa, ndiyo, Manchester United. Walker alifariki mwaka uliofuata, kabla hawajarudi juu.

Jezi ilinibana nikiwa kidato cha kwanza, akaivaa mdogo wangu, kisha ikawa tambara la kufutia baiskeli. Kiraka kiling'oka kabla ya jezi kuisha, na siku za mwisho zake pale kwetu ile bia ilikuwa inasomeka wazi mbele ya kila mgeni, mama akiwa ameshachoka kupigana nayo.

Mjomba amestaafu bandari. Juni 2020 Liverpool walipochukua ubingwa baada ya miaka 30 nilimpigia simu, nikampa hongera, tukacheka, nikaona ndiyo nafasi ya kuuliza nilichokuwa nacho rohoni tangu nikiwa mtoto. "Shikamoo tena mjomba. Siku ile Barnes alipofunga, ulishangilia?"

Kimya kidogo. Nikamsikia anakohoa.

"Lile kofi? Mbu, mwanangu. Unaijua Tanga kwa mbu."